Tumbo Limepunguzwa, Lishe Isipungue

Mwongozo kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na kwa wanaompikia

Mwaka 2005 Diego Maradona alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito mjini Cartagena, Colombia. Miezi michache baadaye alionekana kwenye televisheni ya Argentina akiendesha kipindi chake mwenyewe, amepungua hadi waliomzoea wakashangaa. Picha za namna hiyo, za kabla na baada, ndizo zinazowavuta watu mpaka leo, wakifunga safari kwenda India, Uturuki, Nairobi au Mloganzila jijini Dar es Salaam. Kisichoonekana pichani ni vidonge vya kila siku, vipimo vya damu vya kila mwaka, na kibakuli cha chakula ambacho kila kijiko chake kina kazi.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anaweza kuwa na kilo 95, na huku damu yake imeishiwa chuma na mifupa yake inapoteza kalsiamu. Utapiamlo si wa waliokonda peke yao. Tena ubaya wake ni kwamba mara nyingi haubishi hodi mtu akiwa bado anaumwa. Unaingia anapojisikia mzima, mwaka wa pili au wa tatu, alipokwisha kuacha vidonge kwa kuwa "sasa niko vizuri".

Kwa nini mwili haupati kilicholiwa

Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa aina mbili. Katika slivu, daktari huondoa takribani asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo. Kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika baipasi, hutengenezwa kifuko cha ujazo wa mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha huunganishwa na utumbo mwembamba mbele zaidi, ili chakula kiruke sehemu ya mwanzo ya utumbo huo.

Sehemu hiyo inayorukwa ndiyo hasa hufyonza chuma na kalsiamu. Tumbo lililopunguzwa nalo hutoa tindikali kidogo, na tindikali ndiyo inayotayarisha chuma kifyonzwe na kuibandua vitamini B12 kutoka kwenye nyama. B12 ina masharti zaidi: inahitaji protini maalumu inayotengenezwa na ukuta wa tumbo, ndipo ipokelewe mwishoni mwa utumbo mwembamba. Ukuta ukiondolewa, au chakula kisipoupitia, B12 ya kwenye maini uliyokula huishia chooni. Vitamini A, D, E na K zinategemea mafuta na nyongo, na baada ya baipasi chakula hukutana na nyongo kwa kuchelewa.

Kuna upasuaji unaoruka utumbo mrefu zaidi ya huo; aliyefanyiwa huo anahitaji dozi kubwa kuliko zilizotajwa hapa, na ratiba yake aipange na daktari wake. Aliyewekewa puto tumboni ili apungue hajakatwa kitu na ufyonzwaji wake uko palepale, ila kutapika kwa wiki za mwanzo kunaweza kumwingiza kwenye hatari ileile ya thiamini inayoelezwa hapa chini.

Madaktari walijifunza haya kwa gharama ya wagonjwa. Upasuaji wa mwanzo kabisa, ulioanza Marekani miaka ya 1950, uliacha tumbo zima lakini uliruka karibu utumbo mwembamba wote. Watu walikonda kweli. Wengi pia walipata mawe ya figo, ini kuharibika na utapiamlo mkali, na baadhi yao ilibidi warudishwe chumba cha upasuaji ili utumbo uunganishwe kama zamani. Njia hiyo iliachwa.

Wiki za kwanza: thiamini

Mwili una akiba ya kila kirutubisho, lakini akiba hizo haziishi pamoja. Ya thiamini, yaani vitamini B1, ndiyo fupi kuliko zote: wiki mbili hadi tatu tu. Mgonjwa aliyetoka hospitali anakunywa supu kwa kijiko, anatapika mara kwa mara, na kabla ya mwezi wa pili akiba imekwisha.

Thiamini ikiisha, ubongo huumia. Daktari Mjerumani Carl Wernicke aliuelezea ugonjwa huo mwaka 1881, nao unabeba jina lake hadi leo. Dalili zake kuu ni tatu, na si lazima zije zote: macho kuchezacheza au kuona vitu viwili viwili, kuyumba wakati wa kutembea, na kuchanganyikiwa. Ndugu wanaweza kudhani mgonjwa amelewa, au wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa. Siku zinapita. Thiamini ya sindano ikitolewa mapema huokoa. Ikichelewa, kumbukumbu zinaweza zisirudi tena.

Kuna mtego ambao kila familia inapaswa kuujua. Mtu aliyetapika siku nyingi akifika zahanati, jambo la kwanza atakalofanyiwa mara nyingi ni kutundikiwa dripu, na mara nyingi dripu hiyo ina glukosi. Mwili hutumia thiamini kuichoma sukari. Glukosi ikiingia wakati thiamini iko ukingoni, kidogo kilichobaki kinamalizwa na ubongo unaingia hatarini palepale kitandani.

Kwa hiyo, kutapika kukidumu zaidi ya siku mbili:

1. Usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali, na usiende peke yako.
2. Mwambie anayekupokea: "Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito tarehe fulani, nimetapika siku kadhaa, sijala."
3. Omba upewe thiamini kwa sindano kabla ya dripu yenye glukosi, au pamoja nayo. Si ujuaji, ni haki ya mgonjwa kusema historia yake.
4. Ukishatulia, rudi kwa daktari aliyekupasua. Kutapika kuna chanzo: kula haraka mno, njia iliyobana, kidonda. Kisipotafutwa, utarudi wodini.

Miezi: chuma na protini

Upungufu wa chuma ndio unaojitokeza sana, hasa kwa wanawake wanaopata hedhi. Uchovu, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, kucha kukatika, ulimi kuuma. Dalili nyingine haisemwi kwa sababu inaonekana ni mazoea tu: hamu ya kula udongo, barafu au mchele mbichi. Mama aliyekuwa hali udongo akaanza kuutafuta sokoni mwaka mmoja baada ya baipasi asichekwe, apimwe feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Udongo wenyewe huzidisha tatizo, kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa.

Huku kwetu kuna mambo ambayo vitabu vya Ulaya havitilii mkazo. Minyoo ya safura hunyonya damu, na malaria huharibu chembe zake. Kabla ya kuongeza dozi ya chuma kwa mara ya tatu, hakikisha minyoo imetibiwa. Juisi ya rosela na maji ya matembele, vinavyosifiwa kila mtaa kwa kuongeza damu, havina uwezo wa kujaza akiba ya chuma iliyokauka kwa mtu ambaye utumbo wake unarukwa. Na rosela yenye sukari nyingi inaweza kumwangusha kwa namna nyingine kabisa. Vidonge vikishindwa, kuna chuma cha kuingiza kwenye mshipa. Uliza.

Kuhusu protini, lengo ni angalau gramu 60 kwa siku. Mpishi wa nyumbani ana neno hapa kuliko daktari. Ugali unashibisha haraka, na kwa mwenye tumbo dogo nafasi ikishajaa imejaa. Kwa hiyo mboga yenye protini huliwa kwanza, kisha mboga za majani, na ugali au wali hupewa nafasi itakayobaki. Mfano wa siku nzima:

– mayai mawili: gramu 12
– glasi ya mtindi usio na sukari: gramu 8
– samaki aliyepikwa, kipande cha gramu 100: gramu 22 hivi
– dagaa wakavu, gramu 30: zaidi ya gramu 15
– nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa: gramu 7

Hapo zimefika 64 bila unga wa protini wa dukani. Katika wiki za mwanzo, wakati wa vyakula laini, samaki na maharage husagwa; mtori wenye nyama iliyosagwa unafaa, mradi nyama isiwe ya kupamba.

Nywele kunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita huwatisha wengi. Mara nyingi ni mshtuko wa mwili kupungua haraka, na huota tena. Zikiendelea kunyonyoka baada ya hapo, pima chuma, zinki na protini kabla ya kununua mafuta ya nywele.

Miaka: B12 na mifupa

B12 inadanganya. Ini huweka akiba ya miaka, hivyo aliyeacha vidonge anaweza kukaa miaka miwili au mitatu bila dalili yoyote, akawaambia wenzake kwamba vidonge ni biashara ya madaktari. Kisha miguu inaanza ganzi, anakanyaga kama yuko juu ya pamba, anasahau. Neva zilizoharibika kwa muda mrefu hazirudi zote. Anayetumia metformin ya kisukari au omeprazole ya vidonda vya tumbo yuko hatarini zaidi, kwa kuwa dawa zote mbili zinapunguza B12.

Tahadhari mbili. Asidi ya foliki peke yake inaweza kurekebisha damu huku ikiacha neva ziendelee kuharibika kwa kukosa B12; zitumie pamoja. Na vile vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 vinavyouzwa karibu kila duka la dawa, vingine vina B6 nyingi mno. Vikitumiwa miezi mingi, B6 hiyo nayo huleta ganzi ileile unayoikimbia.

Mifupa ndiyo inayochelewa zaidi kulalamika. Kalsiamu ikipungua, tezi za shingoni hutoa homoni inayoichota kutoka mifupani ili damu isikose. Ndiyo maana kipimo cha kalsiamu ya damu kinaweza kusoma sawa mwaka hadi mwaka, wakati mifupa inaliwa. Kinachofichua ni homoni ya parathiroidi na vitamini D. Kuishi chini ya jua la Mombasa au Dodoma hakumhakikishii mtu vitamini D, hasa anayeshinda ofisini au anayejifunika mwili mzima.

KISANDUKU: Viwango vya kila siku kwa mtu mzima wa slivu au baipasi
(Vinafuata mwongozo wa chama cha madaktari wa upasuaji wa unene cha Marekani. Vipimo vyako vinaweza kumfanya daktari avibadili.)

Thiamini: angalau mg 12, mg 50 ni salama zaidi
B12: maikrogramu 350–1000 kwa mdomo, au sindano ya maikrogramu 1000 kila mwezi
Foleti: maikrogramu 400–800, mwanamke anayeweza kushika mimba, 800–1000
Chuma: mg 45–60, mwanamume asiye na upungufu wala baipasi, mg 18
Kalsiamu: mg 1200–1500
Vitamini D3: yuniti 3000
Vitamini A: yuniti 5000–10,000
Zinki: mg 8–22, pamoja na shaba mg 1–2

Usinywe zinki peke yake kwa miezi. Zinki nyingi huzuia shaba, na kukosa shaba huharibu mwendo kama kukosa B12.

Kusoma lebo ni ujuzi. Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya kopo mara nyingi ni uzito wa kemikali nzima. Kidonge cha ferasi salfeti cha mg 200 kina chuma halisi mg 65 hivi. Kidonge cha kalsiamu kaboneti cha mg 1250 kina kalsiamu halisi mg 500. Mfamasia anajua hesabu hiyo, mwulize.

Ratiba ya siku moja

Chuma na kalsiamu hugombania mlango mmoja, kwa hiyo vitenganishwe kwa saa mbili au zaidi. Kalsiamu nayo haifyonzwi vizuri ikizidi mg 500 hadi 600 kwa mara moja.

1. Saa moja asubuhi, baada ya mayai: multivitamini kamili yenye madini, pamoja na B12. Chai ya rangi na ya maziwa zisubiri. Chai hukamata chuma.
2. Saa nne: kidonge cha chuma kwa maji na vipande vya chungwa. Vitamini C husaidia.
3. Saa saba, na chakula cha mchana: kalsiamu mg 500.
4. Saa kumi jioni: kalsiamu mg 500.
5. Saa mbili usiku, na chakula chenye mafuta kidogo: kalsiamu mg 500 na vitamini D.

Ukipata kalsiamu sitreti, ichague. Haihitaji tindikali, inaweza kunywewa bila chakula. Kaboneti ni ya bei nafuu na inapatikana kwa urahisi, lakini lazima iambatane na chakula, hata ile ya saa kumi. Anayeshinda kwenye daladala au kibandani sokoni apunguze ugumu: kikasha cha vidonge cha siku saba na kengele ya simu vinatosha.

Makosa yanayojirudia

Vitamini za kutafuna zilizotengenezwa kama peremende hupendwa, na nyingi hazina chuma wala thiamini ya kutosha. Unga wa mlonge ni chakula kizuri. Haujazi pengo la B12. Kunywa maji katikati ya mlo huteremsha chakula kabla hakijakaa na kuiba nafasi ya protini. Subiri nusu saa baada ya kula, kisha unywe kidogo kidogo mchana kutwa.

Kosa kubwa kuliko yote ni dawa za maumivu. Diclofenac, ibuprofen na aspirini huweza kutoboa vidonda kwenye maungio ya baipasi. Muulize daktari kuhusu paracetamol badala yake. Sigara nayo huleta vidonda hivyohivyo. Pombe, kwa aliyefanyiwa upasuaji huu, huingia kwenye damu haraka na kwa wingi kuliko zamani. Glasi moja si ile glasi aliyoizoea.

Soda, juisi tamu na keki huteremka utumboni kwa kishindo: jasho, moyo kudunda, tumbo kukata, kuharisha. Saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu inaweza kushuka sana, mtu akatetemeka na hata kuzimia.

Wajawazito, na Ramadhani

Mimba isubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, wakati uzito bado unashuka na akiba hazijatulia. Mimba inaweza kuingia kwa wepesi kuliko zamani, kwa hiyo aliyekata tamaa ya kuzaa asijiachie. Baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe ipasavyo. Zungumzia kitanzi, kipandikizi au sindano. Akishika mimba, mama awaambie wakunga mambo mawili: asipewe vitamini A ya aina ya retinoli kwa wingi, kwa kuwa huweza kudhuru mtoto, na kile kipimo cha kisukari cha kunywa maji ya glukosi kinaweza kumwangusha, hivyo sukari yake ifuatiliwe kwa njia nyingine.

Kufunga ni suala la kuzungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama. Katika mwaka wa kwanza madaktari wengi hushauri asifunge, kwani maji na protini haviwezi kuenea kati ya futari na daku kwenye tumbo dogo, na ruhusa ya mgonjwa kutofunga inajulikana. Atakayeruhusiwa kufunga aanze futari kwa maji na supu, tende iwe moja, kaimati na sharubati vipite mbali, na vidonge vigawanywe kati ya futari, kabla ya kulala na daku.

Vipimo, na kadi ya mfukoni

Pima miezi mitatu, sita na 12 baada ya upasuaji, halafu kila mwaka, maisha yote. Omba picha kamili ya damu, feritini, B12, foleti, vitamini D, kalsiamu, homoni ya parathiroidi, albumini, ini na figo. Ongeza vitamini A, hasa macho yakianza kushindwa kuona jioni. Fedha zikiwa hazitoshi, anza na picha kamili ya damu, feritini na B12. Kumbuka kwamba homa na maambukizi hupandisha feritini, kwa hiyo usipime ukiwa na malaria ukafurahia jibu.

KISANDUKU: Andika kadi hii, uiweke kwenye pochi

– Aina ya upasuaji, tarehe, hospitali na nchi
– "Nikitapika au nikichanganyikiwa: thiamini kabla ya glukosi"
– "Nisipewe diclofenac, ibuprofen wala aspirini bila ushauri wa daktari"
– Dawa ninazotumia na kiasi
– Namba ya ndugu wa karibu

Waliopasuliwa nje ya nchi wanaihitaji kadi hii kuliko wote, kwa sababu faili lao liko mbali. Kabla hujapanda ndege ya kurudi, dai ripoti ya upasuaji iliyoandikwa.

Usisubiri kesho ukiona haya: maumivu makali ya tumbo, hasa kwa mtu wa baipasi, hata kama ni miaka mingi baadaye, kwani utumbo unaweza kujinyonga kwenye ngiri ya ndani; pia choo cheusi kama lami, kuzimia, macho kuona viwiliviwili, miguu kuvimba pande zote mbili.

Na kama upasuaji wako umepita mwaka mzima na hujatoa damu ya vipimo tangu uliporuhusiwa, weka miadi wiki hii. Nenda na makopo ya vidonge unavyotumia, yote, hata yale uliyoyaacha.